Vyuma vya mgongo: Hatari hujitokeza mgonjwa akiwa amerudi nyumbani

MGONJWA aliyeunganishwa pingili za uti wa mgongo kwa skrubu na vyuma mara nyingi huruhusiwa kwenda nyumbani siku chache baada ya upasuaji. Maambukizi ya ndani ya kidonda, hata hivyo, aghalabu hujitokeza kati ya wiki ya pili na ya nne, wakati ambapo mkazi wa Likoni, Kisauni au Changamwe yuko mbali na daktari aliyempasua.

Hospitali kuu ya umma ya rufaa, Coast General, iko kisiwani Mombasa. Wa Likoni kwa kawaida huvuka kwa feri, wa Kisauni hupitia daraja la Nyali, naye wa Changamwe hupitia Makupa. Kwa mtu asiyeweza kuketi ndani ya matatu bila maumivu, safari hiyo si jambo dogo. Si ajabu basi kwamba bandeji inapolowa, wa kwanza kuulizwa huwa ni mwenye duka la dawa mtaani.

Vidonge vya siku tano huweza kushusha homa, ilhali usaha unaendelea kutanda chini ya misuli. Bakteria, hasa Staphylococcus aureus, hushikamana na chuma na kujifunika utando ambao dawa haiupenyi kwa urahisi. Isitoshe, dawa iliyomezwa kabla ya sampuli kuchukuliwa huweza kuizuia maabara kumtambua mdudu husika, na daktari akabaki kutibu kwa kubahatisha.

Tiba ya kweli ni kurejeshwa mapema katika chumba cha upasuaji. Kidonda hufunguliwa, nyama iliyokufa huondolewa, huoshwa kwa maji mengi ya chumvi yaliyotakaswa, na vipande kadhaa vya nyama hupelekwa maabara. Wengi huogopa kurudi wakidhani vyuma lazima ving'olewe. Sivyo. Maambukizi yakigunduliwa mapema, vyuma kwa kawaida huachwa, kwani mgongo usio imara huchochea maambukizi na huweza kudhuru neva. Dawa hutolewa kwanza kwa mshipa, kisha kwa vidonge, mara nyingi kwa wiki 6 hadi 12. Rifampicin, ijulikanayo zaidi kwa kutibu kifua kikuu, husaidia dhidi ya utando huo, ila haitolewi peke yake kwa kuwa bakteria huizoea upesi. Maambukizi yakizuka baada ya mifupa kushikana, vyuma huweza kutolewa.

Mjadala tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ichukue nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024 umetawaliwa na michango na madeni ya hospitali. Wiki hizo za dawa, pamoja na kulazwa upya, hazisikiki sana, ingawa ndizo ziwezazo kuifilisi familia.

Hospitali za umma za Port Reitz na Likoni ziko upande wa bara, karibu na baadhi ya wagonjwa hawa. Muuguzi anayefungua bandeji huko siku ya kumi hahitaji mtambo wa kisasa. Ahitaji nambari ya simu ya daktari aliyepasua, na idhini ya kumrejesha mgonjwa kisiwani siku iyo hiyo.