TUSIWAKOPESHE ASKARI POMBE



Viroba vilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, lakini mlevi hakosi njia. Kuna rubisi, kuna gongo (ambayo ni haramu) na kuna daftari la mkopo. Mimi ni mtu wa hesabu, hilo daftari ndilo linanisumbua. Askari anakunywa mwezi mzima, mshahara ukiingia unaishia kilabuni, mkewe anahangaika na watoto.

Ngara tunapakana na Rwanda na Burundi, Biharamulo wako nyuma yetu tu. Kagera ilivamiwa 1978. Tunajua thamani ya mlinzi aliye macho.

Tusiwaachie makamanda peke yao. Wanaokopesha ni sisi, wengine wana kadi za chama. Napendekeza mwenye kilabu asimkopeshe askari, wala asimuuzie aliyevaa sare. Tutalijadili kikao kijacho cha tawi.

Katibu wa Tawi