Kompyuta ya kijana na amana ya marehemu



Mwezi uliopita tulitembelewa na mzee mmoja, fundi wa mashua mjini Bagamoyo, ambaye kwa miaka 10 amekuwa mlezi wa mtoto wa marehemu kaka yake. Kijana huyo sasa ana umri wa miaka 19 na amemaliza kidato cha sita. Fungu lake la mirathi, shilingi milioni 6, bado limo mikononi mwa baba yake mdogo. Mzee alikuja na karatasi iliyokunjwa mara nne. Kijana ameomba apewe milioni 3 na laki 8, anunue vifaa na kuunda kwa mikono yake kompyuta ya kuchezea michezo na kurushia matangazo mubashara.

"Nikimpa zikateketea, nitakuwa nimeihifadhi vipi amana ya kaka yangu?" alituuliza. "Na nikimnyima, si mali yake?"

Swali hilo si dogo. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 6, walezi wameamrishwa kuwajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa kuoa, na wanapowaona kuwa na akili ya kuendesha mali, wawakabidhi mali zao. Tulimwambia mzee kwamba mtihani huo ameshaushika mkononi: ni ile karatasi. Namna kijana anavyochagua vifaa itamwonesha kama anajua kupima. Basi tukaomba tukae naye tuisome pamoja.

Tulikutana Jumamosi, barazani kwa mzee. Kijana akatuamkia, akaketi jamvini, akaeleza orodha yake kwa furaha. Juu kabisa iliandikwa kadi ya michoro, RTX 3070, ambayo peke yake ilimeza karibu nusu ya fedha. Ikafuata prosesa, kisha kipande kimoja cha RAM cha GB 8, kisha kasha la kioo lenye feni za taa za rangi. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, iliandikwa: "Pawa saplai, yoyote."

Mzee hajui kompyuta, lakini ndiye aliyeuliza swali la kwanza. "Mzigo wote huu unabebwa na nini?" Kijana akaonesha lile neno la mwisho. Mzee akatikisa kichwa. "Mwanangu, mlingoti huu na chombo hiki havijaonana. Ukisimamisha mlingoti wa jahazi juu ya ngalawa, upepo wa kwanza unaipindua."

Hapo ndipo tulipoanza kazi, na tunayaandika haya kwa sababu tunajua kwamba wazazi wengi, kutoka Bagamoyo hadi Bunju na Tegeta, wanaletewa karatasi za namna hii. Kijana huanza na kifaa kinachong'aa. Sisi tulimshauri aanze na vitu viwili ambavyo havimo kwenye orodha: umeme wa nyumbani na intaneti ya nyumbani. Vifaa vyote vitategemea hivyo.

Tuanze na intaneti. Anayetazama filamu anapokea tu. Anayerusha mubashara anapeleka, na kasi ya kupeleka mara nyingi ni ndogo kuliko ya kupokea. Picha safi ya kiwango cha 1080 hutaka kasi ya kupeleka ya megabiti 6 hivi kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, saa moja ya matangazo hula GB 2.7 za bando. Picha ya kiwango cha 720 yaweza kupita kwa megabiti 3, na saa moja ikala kama GB 1.35. Tulimuuliza kijana kasi ya nyumbani kwao ni ngapi. Akanyamaza, hakuwahi kuipima. Tukamwomba aipime kwa siku 7, baada ya swala ya Isha, saa ambazo ndizo alizokusudia kurusha, na kila usiku aiandike.

Juma lililofuata alirudi na daftari. Usiku mmoja tu kasi ilifika megabiti 6. Siku nyingine ilikuwa 4, siku mbili ilishuka hadi 3 na kidogo. Kabla hatujasema neno, yeye mwenyewe akasema, "Baba mdogo, hii kadi kubwa haina kazi kwangu. Picha itakayotoka nyumbani ni ya 720." Tulimtazama mzee, naye alikuwa anamtazama kijana.

Akachagua RTX 3060. Kadi hii ina kumbukumbu ya GB 12, na ina sehemu maalumu ya kubana video inayorushwa, hivyo prosesa haielemewi na kazi mbili kwa wakati mmoja. Programu ya kurushia, OBS, haiuzwi. Hupatikana bure kutoka kwa watengenezaji wake, na hapana haja ya kununua nakala ya mtaani iliyojaa virusi.

Kuhusu umeme, hesabu ni nyepesi. RTX 3070 hula hadi wati 220, na watengenezaji wake hushauri pawa saplai ya wati 650. RTX 3060 hula hadi wati 170, nao hushauri wati 550. Prosesa aliyoichagua, Ryzen 5 5600, imepangiwa wati 65. Lakini wati zilizoandikwa kwenye kibandiko si hoja peke yake. Zipo pawa saplai nyepesi mkononi kama kopo tupu, zimeandikwa wati nyingi ambazo haziwezi kuzitoa. Umeme ukipungua na kurudi kwa kishindo, pawa saplai ya namna hiyo haifi peke yake. Huondoka na ubao na kadi. Kijana alifuta neno "yoyote", akaandika ya wati 550 kutoka kampuni inayojulikana, yenye alama ya 80 Plus Bronze. Akaongeza na UPS, ambayo kazi yake si kuendeleza mchezo umeme ukikatika, bali kumpa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu.

Vifaa vilivyobaki vina kanuni moja: viafikiane. Ryzen 5 5600 hukaa kwenye ubao mama wenye soketi ya AM4. Haiingii kwenye ubao wa Intel, wala kwenye ule wa AM5. RAM ya DDR4 haiingii mahali pa DDR5, hata uibane vipi. Badala ya kipande kimoja cha GB 8, kijana aliandika viwili vya GB 8, jumla GB 16, kwa kuwa vipande viwili hufanya kazi sambamba na kumbukumbu huwa na kasi zaidi. Prosesa hiyo pia haina picha yake yenyewe. Bila kadi ya michoro, monita haitaonesha kitu. Tunalitaja hili kwa sababu wapo wanaonunua prosesa leo wakitaraji kununua kadi mwakani, kisha wakakaa na kasha bubu.

Lile kasha la kioo nalo likafutwa. Nyumba ya mzee haiko mbali na bahari, na upepo wa pwani hubeba unyevu na chumvi, adui wa kila chuma. Kasha la kufaa ni lile lenye matundu ya kutosha mbele, nyavu za kuzuia vumbi zinazotoka na kuoshwa, na feni mbili za kawaida. Liwekwe juu ya meza, mbali na dirisha linaloelekea baharini, na lisafishwe kwa brashi laini kila baada ya miezi miwili likiwa limezimwa na waya umechomolewa. Fedha ya taa za rangi ilihamia kwenye maikrofoni. Mtazamaji huvumilia picha hafifu, lakini sauti ya kukwaruza humfukuza.

Orodha mpya, pamoja na monita iliyotumika na SSD ya GB 500, ilifika milioni 3 na laki 1. Imepungua laki 7, na imeongezeka UPS na maikrofoni ambazo hazikuwamo.

Kwa atakayefuata njia hii, tunausia mambo manne kabla hajashuka Kariakoo. Aulize bei maduka matatu kabla ya kutoa fedha, kwani bei za vifaa hivi hupanda na kushuka pamoja na dola. Kadi iliyotumika asiinunue mpaka imewashwa mbele yake na kuchezeshwa mchezo mzito kwa nusu saa, asikilize feni na kutazama picha. Adai risiti yenye jina la kifaa na muda wa dhamana. Na ajihadhari na kompyuta kuukuu za ofisini zinazouzwa kuwa "zinageuzwa za gemu": nyingi zina pawa saplai ndogo yenye viunganishi visivyo vya kawaida, na kadi kubwa haitapata pa kujilisha.

Yamebaki ya nyumbani. Kompyuta hii na monita yake, ikila wati 300 kwa saa 4 kila siku, itamaliza uniti 36 kwa mwezi. Kwa familia iliyo katika kundi la matumizi madogo, lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, nyongeza hiyo yaweza kuitoa kwenye bei nafuu. Kijana alikubali kununua luku ya matumizi yake. Walikubaliana pia saa za kurusha, michezo isiyofaa kuingia nyumbani, hasa ile yenye kamari ndani yake, na kwamba kompyuta itakaa sebuleni, si chumbani. Tulimkumbusha vilevile kwamba matangazo ya mtandaoni yana kanuni zake nchini, zilizotolewa mwaka 2018 na kuandikwa upya mwaka 2020, chini ya TCRA. Aulize yanayomhusu kabla ya kuanza, hasa akitaraji kupata kipato.

Tulidhani kazi yetu imekwisha. Lakini Alhamisi iliyopita mzee alituita tena. Tulimkuta barazani na bahasha, karatasi na jirani mmoja. Akatueleza kwamba aya ile ile aliyosomewa inaamrisha pia kuweka mashahidi wakati wa kukabidhi mali, naye ametuita tushuhudie. Ndani ya bahasha hazikuwamo milioni 3 na laki 1. Zilikuwamo milioni 6 zote.

Kijana alishtuka. "Baba mdogo, mimi niliomba za kompyuta tu."

"Najua," akajibu mzee. "Lakini nilikuwa naogopa zote. Nimekuona unafuta kwa mkono wako kitu ulichokipenda kwa sababu hesabu imekataa. Miaka 10 nilikuwa nangojea kuona hilo."

Tukatia saini, jirani akatia saini. Kijana alizihesabu fedha mara mbili, kisha akamwomba baba yake mdogo amsindikize benki akaweke zile milioni 2 na laki 9 zilizobaki. Jumamosi, inshaallah, watapanda wote wawili basi la asubuhi kwenda Dar es Salaam. Mzee amesema anataka kuishika mwenyewe hiyo pawa saplai, apime uzito wake.