Baba ni Msimamizi wa Mali ya Ukoo

Shamba la ukoo likiuzwa, ni nani aliyeuza, na kwa haki ipi? Swali hili limevunja nyumba nyingi. Tumeona vema kuwaeleza wasomaji wetu jinsi sheria ya Wahindu nchini India inavyolijibu, kwa kuwa jibu hilo lina hekima, na lina upungufu pia.

Katika sehemu kubwa ya India, Wahindu hufuata mapokeo ya sheria yaitwayo Mitakshara. Kwa mapokeo hayo, mtoto huwa na fungu katika mali ya pamoja iliyotoka kwa mababu tangu siku anapozaliwa. Hangoji baba afe. Zamani haki hiyo ilikuwa ya watoto wa kiume tu. Tangu tarehe 9 Septemba 2005 binti naye amepewa, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ilithibitisha kuwa anayo kwa kuzaliwa, hata kama baba yake alifariki kabla ya mwaka 2005.

Basi baba, akiwa mkuu wa familia, ni msimamizi. Mali aliyoichuma kwa jasho lake mwenyewe aweza kuiuza apendavyo. Mali ya pamoja haiuzi bila ridhaa ya wenzake ila kwa haja ya kweli ya familia, kama chakula, matibabu, kodi ya ardhi au arusi ya mtoto, au kwa manufaa ya mali yenyewe. Mnunuzi naye hana udhuru: tangu hukumu ya rufaa iliyotolewa London mwaka 1856, yampasa kuchunguza kama haja hiyo ipo.

Hata hivyo tunaona pengo. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mwana hawezi kupata amri ya kumzuia baba asiuze kwa haja ya familia. Asiporidhika, ashitaki baada ya mauzo. Sababu yake yaeleweka: msimamizi anayezuiliwa kila hatua hawezi kusimamia. Sheria humpa mtoto miaka 12 ya kudai, tangu mnunuzi alipoitwaa mali. Lakini anayedai shamba ambalo mwingine amekwisha kulilima na kujenga juu yake, anadai akiwa nje ya ua.

Kwa hiyo twasema: ulinzi ulio bora ni ule unaotangulia mauzo. Huku kwetu sheria ni nyingine, lakini machozi ni yale yale. Ndugu viongozi wa walei, mkiitwa kushuhudia mauzo ya shamba, ulizeni kwanza: Fedha hizi ni za haja gani? Mama wa watoto anajua? Watoto, wa kiume na wa kike, wameambiwa? Pasipo majibu, msitie sahihi. Majuto ni mjukuu. Na mjukuu huyo ndiye atakayekosa mahali pa kulima.