Acheni Kusingizia Damu ya Milimani

Siku hizi kila mkubwa akipewa kipaza sauti mbele ya wanafunzi lazima ageuke mwanasayansi. Juzijuzi nilikuwa Isongole, kule Ileje, mpakani kabisa na Malawi, kwa shughuli za gazeti. Mgeni rasmi (jina lake nalihifadhi) aliwaambia watoto waliotoka kukimbia pekupeku kwenye kiwanja cha mashimo kwamba wao ni watu wa milimani, wana vinasaba vya mbio kama Wakenya, na kinachowaangusha ni uvivu tu. Makofi yakapigwa. Akapanda gari lake, akashika lami ya kurudi Mpemba.

Ndugu zangu, sina ugomvi na vinasaba. Ugomvi wangu ni na mtu anayevitaja ili asiulizwe fedha za michezo zimekwenda wapi.

Maana hili jambo lenyewe lipo, tena ni la ajabu kuliko anavyolijua mgeni rasmi. Ukifika mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, kila pumzi inakupa kama asilimia 60 tu ya oksijeni ambayo ungeipata Tanga au Mtwara. Mwili unajitetea kwa kutengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi. Kwa wiki chache ni sawa, lakini kwa maisha yote damu inaweza kuwa nzito kama uji, moyo ukachoka na mimba zikasumbua. Huko Andes, Amerika ya Kusini, wapo watu wanaougua ugonjwa huo hadi leo ingawa mababu zao wameishi juu kwa maelfu ya miaka.

Watibeti walipata njia nyingine. Mwaka 2010 wanasayansi walionyesha kwamba wengi wao wana aina ya pekee ya jeni iitwayo EPAS1, inayozuia damu isizidi kuwa nzito. Mwaka 2014 ikajulikana kwamba waliirithi kutoka kwa Wadenisova, binadamu wa kale waliokwishatoweka duniani. Na mbwa wa Tibet nao? Walichota toleo lao la jeni hiyohiyo kutoka kwa mbwamwitu wa kule juu. Kila mmoja na mjomba wake!

Na sisi Waafrika tusijione wanyonge. Mwaka 2002 Cynthia Beall na wenzake waliandika kuhusu Waamhara wa Ethiopia wanaoishi kwenye mita 3,500 hivi, na damu yao, kwa himoglobini na kwa oksijeni, ilikaribia kabisa kuwa ya mtu wa pwani. Utafiti wa baadaye ukaonyesha kuwa jeni zao si zile za Tibet. Kwenye milima ya Bale, katika pango la Fincha Habera, mita karibu 3,500, watu walikuwa wakila fuko wakubwa zaidi ya miaka 30,000 iliyopita.

Sasa sikilizeni jinsi vitu hivi vinavyoingia katika ukoo. Haviingii kwa mazoezi, wala kwa kuzaliwa mahali penye baridi. Vinaingia kwa makaburi. Mama ambaye damu yake haikufaa mimba ikaharibika, mwenzake mtoto wake akaishi, na hivyo hivyo vizazi mia na zaidi. Beall alikuta Tibet kwamba wanawake wenye oksijeni nyingi kwenye damu ndio waliofiwa na watoto wachache. Hiyo ndiyo bei yake.

Isongole haifiki hata mita 2,000. Watafiti wengi huanza kuhesabu "juu sana" kwenye mita 2,500. Hakuna kichanga kinachokufa Isongole kwa kukosa oksijeni ya mwinuko, kwa hiyo hakuna kitu cha kuchuja vinasaba hivyo. Watoto wale wana damu ya kawaida kama yangu na yako.

Halafu hata hao wenye vinasaba vya kweli, mbona si wao wanaotawala mbio? Derartu Tulu, Kenenisa Bekele na Tirunesh Dibaba wote wametokea Bekoji, mji mdogo wa Arsi, nchi ya Waoromo. Waoromo walihamia milima ya juu kuanzia miaka ya 1500, na utafiti uliochapishwa 2012 ulikuta himoglobini yao kule juu inapanda kuliko ya Waamhara, yaani wao ni wageni zaidi milimani. Bekoji ilikuwa na nini basi? Ilikuwa na mwalimu wa shule, Sentayehu Eshetu, aliyewaamsha watoto alfajiri. Iten ilikuwa na Colm O'Connell, aliyefika St Patrick's mwaka 1976. Yannis Pitsiladis alihangaika miaka mingi na vinasaba vya wakimbiaji wa Kenya na Ethiopia, na jeni ya ushindi hakuipata. Mwinuko unasaidia mazoezi, sikatai, lakini msaada huo haurithiwi.

Tuje kwetu. Suleiman Nyambui, medali ya fedha Moscow 1980, ni mtoto wa Majita, kando ya Ziwa Victoria. Mlima gani huo? Alphonce Simbu, bingwa wa dunia wa marathoni Tokyo 2025 kwa tofauti ya sekunde 0.03, ni wa Singida, na ni askari wa JWTZ, yaani ana mshahara na muda wa kufanya mazoezi. Wakati huohuo hii ni nchi ambayo mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilisimamisha UMITASHUMTA na UMISSETA kwa miaka kadhaa. Kizazi kizima kikakosa mashindano, leo tunakiambia kivivu!

Na uongo huu kwenye mbio unanyima medali tu. Kilimanjaro unaua. Kule utasikia kwamba mpagazi hahitaji jaketi nene wala kupanda polepole, "huyu mwenyeji, damu yake imezoea." Imezoea wapi? Moshi mjini haifiki mita 1,000. Kilele kipo mita 5,895. Wachaga na mashamba yao ya migomba wanaishi chini kabisa ya huo mstari wa mita 2,500, na wapagazi wengi wametoka mikoa mingine kutafuta riziki. Mpagazi akianza kutapika na kuyumba usiku pale kambi ya Barafu, mita zaidi ya 4,600, dawa yake ni ileile ya mgeni aliyelipa dola: ashushwe chini, saa hiyohiyo.