SOKO LA VITAMBAA: Gauni la harusi ni mtaji, si pambo tu

MWANZA – Pamba inapouzwa na mikoba kupata fedha, kamati za harusi nazo huanza vikao. Hapo mafundi cherehani wa Mwanza wangetazamiwa kuvuna. Badala yake, maharusi wengi hukodi magauni yaliyoshonwa ng'ambo, na fundi huachiwa kazi ya kupunguza kiuno na kukunja pindo.

Sababu ni hesabu. Gauni huvaliwa siku moja, kisha hufungiwa sandukuni. Bibi harusi anayeshonesha hulipa gharama yote peke yake. Anayekodi hulipa sehemu tu. Tena wapo mafundi waliozoea kununua kitambaa cha mteja wa leo kwa fedha ya mteja wa kesho, na gauni likachelewa hadi mkesha wa harusi. Sifa ya namna hiyo haijengi soko.

Hata hivyo, dawa si kuwalaumu wateja. Fundi afanye kile anachofanya mwenye duka la kukodisha: gauni libaki mali yake.

Tuchukue mfano. Kitambaa cha satini, lesi na neti ya shela vigharimu Sh. 250,000, na ufundi Sh. 150,000, jumla Sh. 400,000. Bibi harusi wa kwanza alipe Sh. 250,000 kabla mkasi haujagusa kitambaa, avae gauni la vipimo vyake, kisha alirudishe. Yeye ameokoa Sh. 150,000, na fundi amewekeza nguvu zake tu. Likikodishwa baadaye kwa Sh. 100,000, na Sh. 20,000 zikaenda kwenye kufua na marekebisho, baki ni Sh. 80,000. Wakodishaji wawili wanarudisha ufundi wote. Wa tatu ni faida. Anayetaka kubaki na gauni lake alipe bei kamili.

Yapo masharti. Kitambaa kibakizwe ndani ya mishono ili gauni liweze kupanuliwa. Mgongoni kamba zifaa kuliko zipu, kwa kuwa hukubali miili tofauti. Tarehe za kujaribisha na za kurudisha ziandikwe na kutiwa saini na pande zote mbili. Mitindo nayo hupita. Gauni lisilorudisha gharama mapema ni hasara.

Wapo watakaosema gauni jeupe ni mambo ya wageni. Ni kweli, lakini wageni hao wana funzo. Malkia Victoria, ambaye John Hanning Speke alilipa ziwa hili jina lake mwaka 1858, alifunga ndoa tarehe 10 Februari, 1840, akivaa satini ya Spitalfields, London, na lesi iliyofumwa kwa mkono huko Devon. Lesi hiyo iliagizwa makusudi, kuwapa kazi wafumaji wa nchini mwake waliokuwa wakikosa soko.

Kanda ya Ziwa ndiyo inayolima pamba nyingi zaidi nchini, na sehemu kubwa husafirishwa nje ikiwa ghafi. Satini ya harusi hutoka ng'ambo, na hilo halitabadilika kesho. Kinachoweza kubaki Mwanza ni ujira wa mshono. Mwenye akiba ndogo anayetafuta pa kuiweka angefanya vyema kuzungumza na fundi mwaminifu kabla msimu haujafunguliwa.