Auguste Rodin, mchongaji aliyerudishwa na mtakatifu

Hizi ni habari za kijana aliyebisha hodi utawani, naye mtakatifu akamshauri arudi kwao.

Auguste Rodin alizaliwa Paris, mji mkuu wa Ufaransa, tarehe 12 Novemba 1840. Baba yake alikuwa karani wa polisi. Mtoto hakuwa hodari wa vitabu, lakini alipenda mno kuchora. Alipotimiza miaka 14 akatiwa katika shule ya ufundi huo. Kisha akajaribu kuingia shule kuu ya sanaa. Mara tatu alijaribu, mara tatu akakataliwa. Ikambidi kula jasho lake kwa kufinyanga mapambo ya majumba ya watu.

Mwaka 1862 dada yake Maria, aliyekuwa ameingia utawani, alifariki dunia. Kwa uchungu Auguste akaacha kila kitu, akapokelewa katika Shirika la Sakramenti Takatifu, akaitwa Bruda Augustin. Shirika lilikuwa changa, lilianzishwa 1856, nalo lilihitaji watu. Mkubwa mwingine angalifurahi kumshika. Lakini Padri Pierre-Julien Eymard, mwanzilishi wake, aliona ya kuwa moyo wa kijana huyu u katika udongo wa sanamu. Akamruhusu kufinyanga, hata akakaa mbele yake ili afanyiwe sanamu ya kichwa. Ndipo akamshauri arudi kwenye kazi yake. Sanamu hiyo ya 1863 ingaliko. (Husemwa kwamba Padri hakuipenda, kwa sababu nywele zake zilisimama kama pembe!)

Je, njia ilikuwa laini tangu hapo? Hata kidogo. Alipokuwa akifanya kazi Bruxelles, Ubelgiji, alimsimamisha mbele yake askari kijana, Auguste Neyt, akamfinyanga mwili mzima kwa miezi mingi. Sanamu ilipoonyeshwa 1877, watu walinena: Huyu hakufinyanga, amebandika plasta juu ya mwili wa mtu hai! Kwa fundi, neno hilo ni sawa na kuitwa mwizi. Rodin akaleta picha za Neyt zilizopigwa kwa kamera, apate kujitetea. Wachongaji wenzake wakamshuhudia. Mwaka 1880 serikali ya Ufaransa ikainunua sanamu ile ile, ikamwagiza pia mlango mkubwa wa shaba wenye mambo ya Jehanamu kama alivyoyawaza Dante. Jumba la mlango huo halikujengwa kamwe. Yeye hakuuacha hata kufa kwake, miaka 37 baadaye.

Jambo moja tusilifiche. Alianza kuishi na Rose Beuret tangu 1864, akazaa naye mwana, asimwoe. Walifunga ndoa tarehe 29 Januari 1917. Majuma mawili yakapita, Rose akafa. Rodin akamfuata tarehe 17 Novemba. Fundi mkubwa, naam. Kielelezo cha baba wa jamaa, hapana.

Padri Eymard alikuwa amekufa zamani, 1868, wala hakuiona sanamu ya askari yule wala ule mlango. Baba Mtakatifu Yohane XXIII alimtangaza mtakatifu tarehe 9 Desemba 1962.