Mpimeni Masikio Kwanza

Mtoto anaitwa, hageuki. Yuko Darasa la Tatu na bado "baba" inamshinda kuandika. Majibu yetu yanajulikana: mzembe, mtundu, mzito wa kuelewa. Atachapwa, atakaririshwa darasa, atahamishwa shule, na nyumba nyingine zitampeleka kwa mganga. Gari likikataa kuwaka, hakuna fundi anayelichapa fimbo, anafungua boneti. Kwa mtoto tunaanza na fimbo, na boneti hatufungui kabisa.

Visingizio tumevisikia vya kutosha. "Atasema tu, hata baba yake alichelewa." "Wa kiume ndivyo walivyo." Mara nyingine ni kweli, na hapo ndipo watu wanaponaswa. Mtaa mzima unamjua mtoto mmoja aliyekaa kimya hadi miaka mitatu kisha akaongea vizuri, basi huyo anakuwa kipimo cha watoto wote. Kipimo chenyewe kipo na hakina siri. Wa mwaka mmoja aitikie jina lake na atoe sauti za "bababa" na "mamama". Wa mwaka mmoja na nusu awe na maneno machache anayoyatumia. Wa miaka miwili aunganishe mawili: "mama maji", "baba kaenda". Asiyefika hapo hajapewa hukumu yoyote. Anahitaji kuangaliwa na mtaalamu, tena mapema, maana miaka ya mwanzo ndiyo ambayo ubongo unajifunza lugha kwa wepesi mkubwa kuliko wakati mwingine wowote.

Na nafasi ya kumwangalia tunayo. Hapa Tanzania mtoto hupelekwa kliniki mpaka afikishe miaka mitano. Chanjo ya kwanza ya surua na rubela anapewa akiwa na miezi 9, ya pili akiwa na miezi 18. Yaani siku ileile ambayo maneno ya kwanza yanapaswa kuwa yameshatoka, muuguzi ana mtoto mbele yake na kadi mkononi. "Anasema nini? Ukimwita kwa nyuma anageuka?" Maswali hayo hayachukui hata muda wa kumning'iniza kwenye mizani. Yasipoulizwa, mama ayalete mwenyewe, na aseme bila haya kama mtoto alichelewa kulia alipozaliwa, kama alipata manjano makali, degedege, malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo. Yote hayo yanaweza kuudhuru ubongo. Kuwasaka wachawi katika ukoo kunampotezea mtoto miezi asiyoweza kurudishiwa.

Sikio linalotoa usaha nalo tumelizoea mno. Linapanguswa kwa pamba, mtoto anarudishwa kucheza. Ugonjwa huo ukijirudia unapunguza usikivu, na mtoto anabaki darasani akiokota nusu ya maneno ya mwalimu. Unatibika. Kinachotakiwa ni mtu mzima mmoja kuusema zahanati.

Tuje shuleni. Tangu mpango wa elimu bila malipo uanze mwaka 2016 madarasa yamefurika, na hatumlaumu mwalimu mwenye lundo la watoto kwa kutomjua kila mmoja. Lakini hahitaji mashine. Asimame nyuma ya mtoto, urefu wa mkono, anong'one maneno mawili na amwombe ayarudie. Abandike chati ya herufi E umbali wa mita sita, mtoto aoneshe kwa vidole meno ya E yameelekea wapi. Asiyesikia vizuri au asiyeona vizuri aketi mbele leo, na kesho mzazi aitwe. Kanuni za adhabu zinasema viboko visizidi vinne na ni vya mwalimu mkuu au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Sisi tunasema kwa mtoto anayeshindwa kusoma hata kimoja ni kingi.

Kuna kundi jingine linalotupita kila siku: watoto wenye masikio mazima, macho mazima, wanaosimulia hadithi vizuri na kuhesabu chenji dukani bila kukosea, lakini herufi hazikai kichwani. Hii ndiyo disleksia, na haihusiani na ujinga wala uvivu. Wengi hujificha ndani ya kuitikia kwa pamoja, "ba, be, bi, bo, bu", wanakariri ukurasa mzima kwa kusikia tu. Funika picha, mwoneshe mstari wa katikati, umwambie asome peke yake. Utajua hapohapo. Anachohitaji ni silabi moja moja, kwa sauti, kwa kuchora kwenye mchanga, kurudiarudia bila kuchekwa, na muda zaidi kuliko wenzake.

Wenye usonji au mtindio wa ubongo hawaponyeshwi kwa dawa, na anayemuuzia mzazi ahadi hiyo anamwibia. Hata hivyo wanajifunza: kukaa, kula wenyewe, kueleza haja zao kwa picha au ishara, na wengi kusoma. Mazoezi ya viungo na ya kuongea hufundishwa mzazi ili ayaendeleze nyumbani. Hospitali ya CCBRT pale Dar es Salaam wanafanya kazi hiyo. Kwa wasiosikia, Hospitali ya Muhimbili wanapandikiza vifaa vya usikivu tangu 2017. Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, kinafundisha walimu wa elimu maalumu. Halmashauri ina afisa elimu maalumu, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inampa mtoto haki ya kusoma. Msaada huu bado haujafika kila wilaya, hilo tunalijua. Lakini hata uliopo haumfikii mtoto ambaye hakuna aliyempima wala kumwandikia rufaa.

Kwa hiyo Januari, shule zikifunguliwa, kila mtoto wa darasa la awali na wa Darasa la Kwanza apimwe masikio na macho kabla mwezi haujaisha. Muuguzi wa zahanati ya kata aje shuleni asubuhi mbili au tatu. Majina ya wanaohitaji kuangaliwa zaidi yaende kwa afisa elimu maalumu, na wazazi wao waitwe waambiwe waende wapi. Gharama yake ni chati ya karatasi, mita sita za uwanja na nauli ya muuguzi. Halmashauri isiyoweza kupata hivyo ituambie ni kipi kimekosekana.